Sufuria Yenye Kutoka Jasho

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, yenye kuniwasha roho mpaka leo. Kaa nikuambie, kisha utaenda ku kazi yako.

Nilikuwaka bibi mupya wa Ilunga, fundi wa sufuria mu cité Albert, mutaa ya bantu beusi. Alikuwa ananunua mitraye, ile byuma bya zamani bya magari, anayeyusha alumini, anaimwanga mu kalibu ya muchanga. Mukalay, bwana ya mama Mujinga na baba ya batoto wawili, Numbi na Ngoie, njo alikuwa anavukuta moto.

Siku ile, sufuria tatu mupya ya harusi ilipopoa, tulitia maji ndani kwa kuipima. Kwa macho ilikuwa muzuri. Kisha ikaanza kutoka jasho: maji ilipita mu bitundu bidogo kama ncha ya sindano.

Ilunga hakuangalia sufuria. Alimwangalia Mukalay.

"Jana ulilala na bibi yako."

Kwa bankambo yetu, bazee ya zamani, mwenye kuyeyusha chuma hakaribii bibi mbele ya kazi. Na ilikuwa kweli. Ilunga akamwambia achukue koti yake, aende. Na wakati ule, mwanangu, muntu mweusi bila kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mu muji. Polisi banakupandisha gari ya moshi pamoja na batoto, unarudi ku mugini, kijiji yenu.

Miye nilisimama pale. Mbele ya jua kutoka, nilikuwa nimeosha mitraye yote. Mama alinifunzaka bibi mupya anaosha kila kitu mu nyumba ya bwana; niliona ile mafuta na uchafu, nikasugua na sabuni, nikaiweka karibu na moto ingali na maji. Hakuna muntu aliniuliza. Na nikamwacha Mukalay avae koti.

Tata Kasongo, muzee mwenye alimufunzaka Ilunga kazi, akaingia. Ilunga akamuelezea. Muzee akachukua nyundo, akavunja sufuria moja, akapeleka kipande ku mwanga.

"Ilunga, kama kulala na bibi inatoboa sufuria, muji muzima ungepikia mu mikono. Angalia: bitundu biko bya muviringo, ndani binang'aa. Hii iko pumzi ya maji, mvuke yenye iliingia mu alumini. Kama alumini ilikosa kushiba, kujazwa na ingine wakati inaganda na kupunguka, tundu ingekuwa ya kuchanika, na pale penye unene."

Akafinya muchanga wa kalibu. Ulishikana, kiganja kikabaki kikavu.

"Si muchanga yenye ilitoa maji. Nani alitia maji mu mitraye?"

Mukalay alishafika ku mulango.

Nikasema: "Ni miye, Tata. Niliosha mitraye."

Muzee hakupaza sauti. "Muko na bahati alumini ya moto haikuwarukia ku macho. Lakini kuosha si kosa kubwa, mwana. Ulimwona mwenzako anavaa koti. Ulikuwa unangojea nini?"

Ilunga akamwambia Mukalay avue koti. Mukalay alirudi ku muvukuto. Miezi mingi hakuniita tena shemeji.

Basi, wewe unayeanza kazi ya moto: kausha mitraye juu ya jiko mpaka ipate moto, njo uitumbukize mu alumini yenye kuyeyuka. Usiache alumini ikae sana mu moto mukali, inakunywa pumzi. Pale penye unene, acha alumini ya ziada juu, ishibe ikiganda. Sufuria ikitoboka, vunja uangalie tundu mbele ya kuangalia muntu. Na kosa ikiwa yako, sema wakati mwenzako hajailipa. Mwenye kuficha ugonjwa, kilio inamuumbua.

Mungu akupe mikono mikavu na ulimi mwepesi kwa kweli, na batoto yako bakule jasho yako bila haya.