Tenti ya Kulala Gatongora

Kwenye duka moja la vifaa vya safari hapa Thika, nilimkuta mwanamume amelala chali ndani ya tenti, miguu ikiwa nje. Mkewe, mtoto mchanga mgongoni, alikuwa akivuta mishono aone kama itaachia.

"Boss, mnaenda kupiga kambi wapi?" muuzaji aliuliza.

"Gatongora," akajibiwa kutoka ndani. "Nyuma ya gari yangu, hapo kwa ploti tunapoishi."

Muuzaji akanitazama mimi. Mke ndiye aliyeeleza. Mama yake anatoka Kakamega kuja kumwona mjukuu, na kwao mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake.

"Nilisema tumtafutie gesti. Huyu amekataa."

"Mama atoke huko kote alale kwa wageni?" sauti ikasema tentini. "Mimi ndiye nitatoka."

Muuzaji akaleta nyingine, nyepesi, ya kufungwa kwa buti ya gari. Unairusha tu inasimama. "Kwa wikendi inatosha."

Mwanamume akatoka, akaipapasa, akairudisha.

"Kusimama haraka ni sawa, mama asinione nikihangaika. Lakini hii, mvua itairarua, na akiniona nimelowa atafunga mzigo arudi kwake."

Wanaume ninaowajua huuliza mama mkwe anaondoka lini. Muuzaji naye akauliza, "Kwani anakaa siku ngapi?"

Mwanamume alikuwa tayari anapapasa ile ya kwanza, ya turubai nzito.

"Hatujamuuliza," akasema. "Hii inakaa miaka mingapi?"