Jiko la Chuma Chumbani kwa Zaina

Harufu ya udongo mbichi unaokaushwa na chuma cha moto hunirudisha Kabambare, katika msimu mmoja wa mvua, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nami nikiwa msichana wa umri wa kutumwa maji peke yangu. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Mzungu huyo alipohamishwa, alimwachia baba jiko lake la kuni, la chuma cheusi, lenye miguu iliyopinda na bomba refu la moshi. Wanaume walilibeba kwa miti mabegani, mtaa mzima ukatoka kulitazama. Mama alilitupia jicho mara moja akarudi kwenye mafiga yake. Alisema chakula kilichofungiwa sandukuni hakiwezi kuwa na ladha. Likakaa barazani, kuku wakilala juu yake.

Dada yangu mkubwa, Zaina, alikuwa ameolewa Kasongo. Alikuja kujifungua kwa mama, kama desturi yetu ilivyotaka kwa uzazi wa kwanza, akapata mtoto wa kike, Mwavita. Mvua za mwaka ule zilikuja na upepo, na baridi ya vilima ilipenya kwenye nyufa za kuta. Mzazi hapigwi na baridi. Baba akaamua jiko liingie chumbani kwake.

Sijapata kuona mtu aliyeogopa moto kama baba. Paa letu lilikuwa la nyasi, na nyasi haziombi ruhusa kuwaka. Alimwita jirani yetu Amisi, mwashi, wakalisimamisha jiko juu ya mawe bapa, mbali na ukuta. Bomba walilipitisha ukutani badala ya darini, wakalizungushia bati na udongo mnene. Kisha wakawasha kuni, Zaina na mtoto wakiwa chumba kingine, wakasubiri. Baba alipapasa ukuta kwa kiganja, juu na chini, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Amisi alikuwa nje, mkono kwenye nyasi za ukingo wa paa.

"Nyasi iko baridi, ndugu yangu," alipaza sauti.

"Na huku ukuta inashikika," baba akajibu.

"Moshi je?"

"Moshi haiko."

"Basi lala salama. Moto haitatoka mule."

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na baba aliitii methali hiyo kama sheria: hata ndoo ya mchanga aliiweka mlangoni. Mama naye aliziba nyufa zote kwa matambara, chumba kikawa na joto tamu ambalo sote tulitafuta visingizio vya kuingia kulifaidi. Ndani ya bomba kulikuwa na kifuniko kidogo chenye mkono wa chuma. Ukikigeuza, bomba huzibwa na joto hubaki ndani. Baba alimwona Mzungu akifanya hivyo, lakini katika chumba cha kupikia chenye madirisha mapana.

Kesho yake Zaina alilalamika. "Kichwa inaniuma, mama. Na miguu inalegea."

"Ni damu uliyopoteza, mwanangu," mama alisema. "Kunywa supu, ulale."

Alasiri mvua ilishuka kwa kishindo. Mama alimchukua Mwavita wakae jikoni, amwogeshe huko baadaye. Kuni zilikuwa zimebaki makaa mekundu, bila moshi hata kidogo, na baba, ili mwanawe asipoteze joto lile, alikigeuza kifuniko, akaufunga mlango polepole asimwamshe.

Mvua ilipopungua, nilitumwa nimpelekee Zaina supu. Alikuwa amelala ubavu, kitenge kimemfunika hadi mabegani. Hakuna kilichoungua. Nilimwita, nikamgusa bega, nikamwita tena kwa sauti ambayo ilimleta mama mbio na mtoto akiwa bado na povu la sabuni.

Muuguzi wa zahanati aliangalia jiko, akaangalia kifuniko, akasema kwa upole, "Sumu ya makaa haina harufu, baba. Ukifunga bomba, inabaki ndani na mutu." Waombolezaji walimwambia baba la kuvunda halina ubani, naye alirudia neno moja tu: "Niliangalia kila kitu." Baada ya arobaini alilivunja jiko kwa nyundo. Tangu hapo, mvua ikinyesha, aliwazungukia wanawake wote wa mtaa waliojifungua, akang'oa matambara ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Wengine walimcheka. Alilala mlango wazi hadi alipokufa.

Leo naishi Kasongo, katika nyumba ya matofali na mabati. Vijana husema wazee wetu walikufa kwa ujinga. Mimi siwaungi mkono, kwa maana sijamwona kijana aliyekagua nyumba yake nusu ya alivyokagua baba, na bado mvua ikija wao huingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani na kufunga madirisha yao ya vioo. Maarifa yameongezeka, lakini mauti yanajua bado mlango wa kupitia. Mwavita, tuliyemlea kwa uji na maziwa ya mbuzi, sasa ana wajukuu. Umri wa mama yake aliupita zamani. Juzi aliniuliza, kwa aibu kama mtoto, kama mama yake aliwahi kumnyonyesha. Nikamwambia, "Ndiyo, hata siku ile ya mwisho, na alikuwa akikucheka kwa uroho wako." Akainamisha kichwa, akaniomba niseme tena.