Mke wa Pili wa Mwana wa Majini

Malam Habu alipofariki, watu wa mtaa wa Dala, hapa Kano, walingoja kuona wajane wake wawili wakigawana sufuria na kila mmoja akishika njia yake. Huu sasa ni mwaka wa tisa. Hansatu, mke mkubwa, na Asabe, mke mdogo, wanakaanga bajia za kunde mlangoni kila asubuhi. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, Hansatu huvaa miwani akamsomea mwenzake riwaya, maana Asabe hakujaliwa kusoma.

Walipomaliza kitabu cha Zulai, binti wa mtia rangi aliyependwa na mwana wa mfalme wa majini akaishi naye chini ya shimo la rangi ya nili, Asabe alishinda siku mbili hana hamu ya chakula. Kwa hiyo sehemu ya pili ilipofika sokoni, Hansatu aliifuata mwenyewe.

Sura ya tatu ikamtibua. Jini alioa mke wa pili, na huyo, kama kawaida ya vitabu hivi, alikuwa nyoka mtupu: mnafiki, mwenye wivu, anayetia sumu kwenye mchuzi. Hansatu aliinua macho. Asabe alikuwa mkekani akichambua kunde, anangoja. Huyu ndiye aliyemlisha yeye Hansatu kwa mkono miezi mitatu, Hansatu alipovunjika nyonga.

Bila kupanga, Hansatu akasoma kisichoandikwa. Mke wa pili aliingia na kibuyu cha maziwa, akamwamkia Zulai kwa heshima, akampokea mtoto wake mchanga. Siku nne alitunga hivyo, jasho likimtoka, mpaka wanawake wale wawili wakamshawishi jini awajengee nyumba huku juu, kwenye jua.

Asabe alifurahi mno. Akaenda kumsimulia jirani yao Rakiya, ambaye naye alikuwa amekisoma kitabu hicho. Alirudi, akaketi.

"Rakiya anasema yule mwanamke alikufa kwa sumu yake mwenyewe."

Hansatu alivua miwani.

"Mie nilijua tangu siku ya pili," Asabe akaendelea. "Ulikuwa unasahau kufunua kurasa, dada."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione utanifikisha wapi."

Walicheka mpaka kunde zikamwagika. Kisha Asabe akataka asomewe kitabu chenyewe, sumu na yote. Alisikiliza kwa dharau. Mchuzi wa majani ya mbuyu ukitiwa kitu kichungu, alisema, mlaji hugundua kwenye tonge la kwanza. Huyu mwandishi hajawahi kushika mwiko.

Kilipokwisha, kesho yake aliomba ile hadithi ya Hansatu irudiwe. Hansatu akasema amekwisha kuisahau. Basi Asabe akajiweka sawa mkekani, akaanza kuisimulia mwenyewe tangu kibuyu cha maziwa, na Hansatu akalaza kichwa kwenye mto akasikiliza.