Ukuta Kati ya Fundi na Mwokaji

Fundi kerezo alizima mashine kabla hajaambiwa. Mwokaji alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mtu anayekuja kugombana huanza kufoka tangu uani. Huyu alikuja kimya.

"Dada, umepatwa na nini?"

"Nimelala," Mwokaji alijibu. "Nimelala wima mbele ya tanuri, na trei mkononi. Wiki ya pili hii sijapata usingizi humu ndani. Moto ni wa tanuri, sawa. Lakini usingizi niliokosa hadi nikaanguka umeuchukua wewe, kaka fundi."

Walikaa nyumba moja ndefu, iliyogawanywa na ukuta mmoja katikati. Mwokaji alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate; alirudi asubuhi watu wakinawa uso, akalala hadi alasiri. Saa hizo hizo fundi alikuwa chumba cha mbele cha upande wake, akikereza miguu ya meza na nguzo za vitanda kwa mashine inayozungusha mbao mbele ya patasi. Kukodi karakana mahali pengine hakuweza. Mama yake mzazi alikuwa chumba cha nyuma, kumbukumbu zimemtoka, na akiachwa peke yake saa moja tu hutoka kwenda kuwatafuta watoto wake shuleni, watoto ambao sasa wana mvi. Mara mbili amerudishwa na watu wasiomjua kutoka barabara kuu. Ndiyo maana mashine iliishi nyumbani.

Wala si kwamba fundi alikuwa amekaa tu tangu jirani yake alipoanza kulalamika. Alikwisha kuziba dirisha kwa godoro kuukuu. Alibandika trei za mayai ukutani hadi darini, na mama yake alipoziona aliuliza kuku wamewekwa wapi. Chini ya mlango alisukumia vipande vya zulia. Kisha akawasha mashine, akaenda kusimama nje ya dirisha la Mwokaji, akatega sikio. Alichosikia hakikuzidi nzi aliyenaswa kwenye pazia. Tangu siku hiyo aliamini moyoni kwamba jirani yake anatia chumvi.

Sasa alimwambia waziwazi. "Nimesimama dirishani kwako mwenyewe, dada. Hakuna kitu. Labda una masikio ya popo."

"Na wewe una kichwa cha gogo. Sikiliza. Mwenye nyumba amepata habari za mkono huu. Jumamosi saa tatu asubuhi anakuja kukaa chumbani kwangu, na wewe utakereza nusu saa bila kusimama. Akisikia, mashine inatoka, na wewe ukitaka utoke nayo. Mimi sikumwita. Ila sitamzuia."

Ilikuwa Jumatano. Damu ilimchemka fundi. Mwenye nyumba! Paa la nyumba hii limevuja misimu mitatu, na wapangaji wameenda kwake kulalamika hadi nyayo zikachoka, naye hakuwahi kusikia hata tone. Leo ghafla ameota masikio! Watu wawili wanavunjana migongo, mmoja usiku mmoja mchana, halafu anakuja wa tatu asiyefanya kazi ya mikono kuamua yupi kati yao ana haki ya kuishi. Alitaka kuyasema hayo yote kwa sauti ya juu. Macho yake yakatua kwenye bandeji, yakakwama hapo.

"Kama huniamini," Mwokaji alisema, "nenda ukalale wewe. Mimi nitabonyeza swichi."

Fundi aliikagua mashine, akaacha imeshika gogo lililokwisha kuviringika, akamwonyesha swichi. Kisha akaenda chumbani kwa jirani yake. Miaka sita ya ujirani, na hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Dirisha la Mwokaji lilipigiliwa kitambaa cheusi. Kwenye kigoda kulikuwa na bilauri ya maji na kisosi cha pamba, ya kuziba masikio. Kitanda kilikuwa kimesogezwa, tangu mvua za wiki mbili zilizopita, hadi kikagusa ukuta wa kati, maana upande wa pili palikuwa na ndoo mbili chini ya dari lililooza. Pengine pa kukiweka hapakuwepo.

Kulala kwenye kitanda cha dada wa watu aliona haya. Alipiga magoti sakafuni, akaegemeza paji la uso ukutani, juu ya mto.

Mashine ikawashwa. Mwanzoni karibu atabasamu, kwani masikioni hapakuja kitu cha maana. Kisha akaisikia kwenye meno. Ikapanda mataya, ikaingia nyuma ya macho, ikakaa humo ikisaga. Kwenye bilauri maji yalikuwa yakichora duara ndani ya duara bila kukoma.

Haikupita hewani hata kidogo. Ilipita ukutani.

Hapo akajua. Ni bolti! Fundi aliyemfunza kazi alikuwa akitua kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya meza ya kukerezea. Chai ikimwagika, mwanafunzi aanze upya. Meza isiyotikisika ndiyo heshima ya fundi. Kwa hiyo alipohamia hapa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuifunga meza iliyobeba mashine kwenye ukuta wa kati kwa bolti nne, kila moja ina urefu wa kiganja, na wateja wakija huwaambia waisukume waone. Ule uthabiti aliojivunia miaka sita alikuwa akiumimina kichwani mwa mwanamke aliyelala. Godoro na trei za mayai vilikuwa vikilinda mlango ambao mwizi hakuwahi kuupitia.

Alirudi, akazima mashine. "Umesikia?" Mwokaji aliuliza.

"Nimesikia." Akatazama chini. "Nisamehe, dada."

"Msamaha haulaliki. Tengeneza."

Alhamisi alizing'oa bolti, ukuta ukamwaga vumbi kama unakohoa. Aliisogeza meza hatua moja kutoka ukutani, akaitilia chini ya miguu vipande vya mpira alivyokata kwenye tairi kuukuu. Aliiwasha, akakimbia kushika ukuta: umetulia. Akarudi mbio kuchukua patasi, na hapo balaa. Meza iliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mguu wa kiti ukatoka na mawimbi. Usingeuzwa hata kama kuni. Aliongeza mpira, ikawa mbaya zaidi. Akapunguza, ukuta ukaanza kunguruma upya.

Ijumaa mchana alikuwa ameharibu mbao tano. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni pa chumba cha nyuma. "Mwanangu," alisema, "hiyo meza inaogopa."

"Mama, niache!"

Mama alikunja mikono mapajani kama mtoto aliyekaripiwa na mwalimu. Fundi akazima mashine, akaketi sakafuni palepale kwenye maranda. Kesho, saa tatu. Akitolewa hapa ataenda wapi na mama huyu, na mashine hii? Nani atampa chumba?

Hivyo ndivyo Mwokaji alivyomkuta alipoamka. "Shida iko wapi sasa?"

"Meza ni nyepesi. Zamani ukuta ndio uliokuwa unaishika. Sasa haina wa kuishika."

Mwokaji aliondoka. Fundi akadhani ndiyo mwisho wa maneno. Mara akarudi, chini ya kwapa la mkono mzima amebana magunia matupu ya unga, ya kiwandani kwao. "Mchanga si upo uani?"

Walijaza magunia manane. Fundi alipigilia rafu chini ya meza, wakayapanga humo moja baada ya jingine, Mwokaji akisukuma kwa goti kwa sababu mkono haukumruhusu. Unga uliobaki kwenye nyuzi uliwapaka nyusi nyeupe wote wawili, na mama akacheka sana akiwatazama.

"Usidhani tumepatana," Mwokaji alisema akijipangusa. "Kesho nikisikia, nitasema nimesikia."

"Sema," fundi akajibu.

Jumamosi mwenye nyumba alifika kabla ya wakati, saa imemkaa mkononi kama pingu. Hakumsalimu mtu. Alipita karakana akikagua mbao, akanyooshea kidole boriti nene kuliko zote, la mraba, gumu. "Hilo." Kisha akaingia kwa Mwokaji na kufunga mlango.

Hakuna kelele ya kukereza inayoshinda ya mbao ya mraba, kwani kila pembe inayozunguka hupiga patasi kama nyundo. Fundi alipiga moyo konde, akaingiza patasi. Meza ilinguruma ndani kwa ndani ila haikuruka. Jasho lilimtiririka machoni, na hakuthubutu kulifuta. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watu wawili wanaomhukumu na hakuna alichoweza kusikia, si kikohozi, si neno. Dakika kumi. Pembe zikaanza kufa. Ishirini. Gogo likawa duara, na nusu saa ikaisha.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. "Nimesikia!" mwenye nyumba alisema. "Nimesikia vizuri kabisa. Mashine itoke."

Fundi akashusha patasi. Nyuma ya mwenye nyumba alisimama Mwokaji, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu.

"Aliyelalamika ni nani, mzee?" aliuliza.

"Wewe."

"Basi niulize mimi."

Mwenye nyumba akageuka nusu. "Haya. Hukusikia?"

Mwokaji alimtazama fundi, na fundi akakumbuka kwamba jana yeye mwenyewe alimwambia, "Sema."

"Nimesikia," alisema. "Mwanzoni, pembe zilipokuwa zinapigwa. Si kwenye ukuta, ni kwa mbali, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Baadaye sikusikia kitu. Mbao za mraba azianze saa nane mchana, nikiwa nimeshapata usingizi wa kwanza. Asubuhi apige msasa, afanye za duara. Ikizidi hapo nitagonga ukuta, naye atazima. Hayo ni yangu na yake."

"Nyumba ni yangu!"

"Usingizi ni wangu. Na mzee, maadamu leo umekaa chumbani kwangu nusu saa, zile ndoo mbili umeziona."

Mwenye nyumba alitazama saa yake kana kwamba ndiyo itakayomjibu. Akaondoka akinung'unika habari ya kuja tena. Mwokaji naye akaingia ndani, bila kuaga.

Asubuhi yote iliyobaki fundi alipiga msasa kwa mkono. Saa nane kamili alifunga boriti jipya la mraba, akawasha mashine. Mkono mmoja ulikuwa na patasi. Wa pili aliunyoosha hadi ukaufikia ukuta, akaubandika hapo kiganja kizima, akangoja. Alingoja hadi bega likamuuma. Hakuna aliyegonga. Akaushusha mkono, akaingiza patasi polepole.