Magoli Matano na Upepo wa Saa Kumi

Tulifungwa magoli matano katika mechi mbili za kirafiki, na yote matano nimebandikwa mimi. Nimeyarudia moja moja, kwa kumbukumbu na kwa video ya simu, mpaka nayajua kuliko sala ya Baba Yetu. Moja ni langu. Manne si yangu, na sitayabeba.

Mimi ni kipa wa timu ya wanawake ya kata yetu, huku pembeni mwa mji wa Singida, upande wa Mwankoko. Nimedaka tangu kidato cha pili. Nilipopata ujauzito nilikaa nje msimu mzima. Mtoto alipofikisha miezi saba nikarudi mazoezini, na sasa ana miezi tisa. Kabla ya ligi ya mkoa kuanza, timu yetu ilipanga mechi tatu za kirafiki, na baada ya mechi ya tatu orodha ya wachezaji ipelekwe mkoani Jumatatu. Nilichotaka ni jina langu liwemo kwenye orodha ile, kama kipa. Sikuomba kingine.

Uwanja wetu umelala mashariki kwa magharibi. Goli la magharibi tunaliita goli la mashine, kwa sababu nyuma yake kuna banda la mashine ya kukamulia alizeti. Mwenye mashine ni mzee mmoja aliyewahi kuichezea timu ya wanaume, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufundi. Kila mtu hapa anajua ufundi wenyewe ni upi, haufundishwi na kocha. Kamati hiyo ina amri moja kubwa: timu ya kata lazima ianzie goli la mashine. Wanaume walianzia hapo wakachukua kombe, miaka hiyo, na wazee wakaamini kuna kitu chao kimelala pale chini. Nahodha akishinda shilingi, anachagua goli la mashine. Hakuna mjadala.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo mwanamke yeyote wa Singida analijua. Mwezi wa nane, saa kumi jioni, upepo unatoka mashariki, na unavuma kweli. Unabeba vumbi, unabeba kanga kwenye kamba. Kufika saa kumi na moja na nusu, mechi ikiwa mapumziko, unaanza kulegea. Jua likielekea kuzama, umeshakufa. Kwa hiyo timu inayoanzia goli la mashine inaupokea upepo usoni ukiwa na nguvu zake zote, na kipindi cha pili, ikifika zamu yake ya kusukumwa nao, hakuna upepo tena. Magoli yote matano tulifungwa kipindi cha kwanza. Yote matano, golini pa mashine. Kuna mtu wa kamati aliyeliona hilo? Hakuna.

Mechi ya kwanza walikuja wasichana wa Manyoni, wale wa upande wa Kilimatinde. Tukafungwa tatu bila.

Goli la kwanza, dakika ya tisa. Tumepata golikiki. Naona kabisa kwamba mpira ukienda juu utarudi, kwa hiyo nataka kumpa beki wa kushoto aliye karibu. Kocha anapiga kelele kutoka pembeni, "Ndefu! Piga ndefu!" Kocha wetu ni kijana kutoka Morogoro, mpole, ana vyeti, na ana miezi miwili tu hapa. Nikapiga ndefu. Mpira ukapanda, ukasimama hewani kama umesahau kitu nyumbani, ukarudi. Ulimwangukia namba kumi wao, mita ishirini na tano kutoka kwangu, mimi bado niko nje ya nafasi. Akapiga moja tu. Goli hilo ni la nani? La aliyepiga kelele.

Goli la pili, kona. Mpigaji aliuzungusha mpira utoke nje, kuelekea alama ya penalti. Nikatoka kuufuata, kama nilivyofundishwa. Upepo ukaukamata ukaurudisha nyuma ya mgongo wangu, ukaingia golini kando ya nguzo ya karibu. Kwenye nguzo hiyo alipangwa beki wa kulia asimame asitoke. Alikuwa wapi? Alikuwa ananyoosha soksi, hatua nne kutoka hapo. Ndilo goli lililorekodiwa kwa simu na kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, na maneno juu yake: "Kipa wa maziwa." Watu wakacheka. Niliitazama video ile mpaka bando likaisha. Ukiacha kunitazama mimi ukatazama pembeni, utamwona mama mmoja mtazamaji, kanga imemfunika uso mzima, anapambana nayo kwa mikono miwili. Hapo ndipo goli lilipotoka. Lakini nani atatazama kanga wakati kuna mwanamke wa kuchekwa?

Goli la tatu ni langu. Mpira mrefu nyuma ya mabeki, niliuhesabu vibaya, nikachelewa hatua moja. Sina la kusema.

Mapumziko mama mkwe alikuwa ameniletea mtoto. Yeye anashika mila yake: mama aliyekimbia juani hanyonyeshi hivi hivi, maziwa yana joto la jua, lazima akamue matone kidogo chini kwanza. Sibishani naye kwa hilo, linachukua sekunde. Nikakamua, nikanyonyesha, nimekaa chini nyuma ya goli na glovu zangu pembeni. Mwenyekiti alipita akaona. Alikuja kusema baadaye.

Mechi ya pili tulicheza na timu ya ng'ambo ya ziwa lililo jirani na mji. Tulifungwa mbili kwa moja. Goli la nne, kocha tena, golikiki ndefu tena, na mpira ukarudi tena mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Goli la tano, beki wetu wa kati alitaka kuondosha mpira kwa kuupiga juu. Ukamrudia kichwani mwenyewe, ukamshinda, mshambuliaji wao akapita naye. Mimi na yeye, ana kwa ana. Niliugusa kwa vidole, ukaingia. Kipindi cha pili hawakunifunga hata moja, na niliokoa mawili ya wazi. Hayo hayakurekodiwa na simu ya mtu.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Kesho yake saa kumi mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama. Nikamwuliza, nikiwa bado na hasira, "Mama, kwa nini unanigeuzia mgongo?"

"Sijakugeuzia mgongo wewe. Nimeugeuzia upepo," akasema. "Nikigeuka huko, makapi yote nayala mimi."

"Saa kumi ni mashariki tu?"

"Tangu nizaliwe. Wewe ulifikiri ni wapi?" Kisha akaendelea na ungo wake, akaongeza kwa Kinyaturu maneno ambayo siyaandiki, juu ya watu waliosoma.

Nikachukua daftari. Nikachora uwanja, nikaandika kila goli: mpira ulianzia wapi, nani aliugusa, upepo ulikuwa wapi, mimi nilisimama wapi. Nikauliza pia lile kombe la wanaume lilichukuliwa mwezi gani. Mwezi wa tatu. Mahindi yakiwa mabichi, mvua inanyesha, upepo wa mashariki haupo. Wangeanzia goli lolote wangelichukua. Kwa kombe la masika wanatuzika sisi kiangazi.

Siku mbili baadaye kamati iliita kikao bandani kwenye mashine. Tulikaa juu ya magunia ya mashudu ya alizeti, kocha, wazee wanne, nahodha wetu, na mimi na mwanangu mgongoni. Nikawasalimia, "Shikamooni wazee."

"Marahaba, binti," akasema mwenyekiti. "Tutasema wazi, usikasirike. Mwanamke akishazaa, kiuno kinafunguka. Hawezi kuruka. Siyo kosa lako, ni maumbile. Na mtu ananyonyesha golini, jamani, timu itapataje bahati?"

"Mzee, kwa heshima," nikasema, "goli la kwanza lilipita kwenye kiuno?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nikafungua daftari nikaanza kusoma. Goli la kwanza, la pili, nikisema na la tatu kuwa ni langu. Nilipofika kwenye upepo na goli la mashine, mwenyekiti akainua mkono.

"Hapo ishia. Hilo halizungumzwi na mtoto."

"Mimi si mtoto, mzee. Si mmesema nimezaa?"

"Basi kaa chini, mama mtoto."

Nikamtazama kocha. Kocha akatazama mashine. Wakaamua mechi ya tatu adake binti mwingine, msichana wa miaka kumi na nane, mzuri tu, mwenye mikono ya haraka na woga wa kona. Sina ugomvi naye. Mechi hiyo ndiyo ingeamua nani aandikwe.

Nje ya banda nilimshika nahodha. Huyu ni rafiki yangu, tumesoma wote, ndiye beki wa kati aliyepigwa chenga na upepo kwenye goli la tano. Nikamwambia, "Jumamosi ukishinda shilingi, chagua mashariki."

"Watanifukuza."

"Sema umeshindwa shilingi. Waambie wapinzani ndio waliochagua. Nani atajua, refa?"

Akafikiri. "Nikifanya hivyo, utapata nini wewe? Wewe hata huchezi."

"Timu itaonekana haifungwi. Watajua kosa halikuwa langu."

Hapo ndipo nilipokuwa mjinga, na sina wa kumlaumu.

Jumamosi tulicheza na wasichana wa chuo kimoja cha mjini. Shilingi ilirushwa, nahodha akaja benchi kainamisha kichwa, akasema wamechagua wao, tunaanzia mashariki. Mwenyekiti akashika kiuno kama mtu aliyepata habari ya msiba. Nikakaa benchi, mtoto kwenye paja, daftari kwenye paja la pili.

Nitasema nilichokiona, sitaongeza. Kipindi cha kwanza upepo ulikuwa mgongoni mwetu. Mipira yao iliyopigwa juu ilirudi kwao. Kipa wetu aligusa mpira mara nne tu, na mara tatu kati ya hizo ni kuokota uliotoka nje. Dakika ya ishirini golikiki yetu ilienda mpaka karibu na boksi lao, ikadunda, mshambuliaji wetu akafunga. Mara moja tu walipata kona, binti akabaki kwenye mstari kwa woga, mpira ukaenda zake. Kipindi cha pili upepo ulikufa kama kawaida, tukashikilia goli letu moja mpaka filimbi. Moja bila. Nilisimama nikapiga makofi. Nilifurahi kweli, Mungu ananiona. Nilidhani nimeshinda.

Tukaingia bandani kusomewa orodha. Mwenyekiti alianza kwa hotuba.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Leo shilingi ilitukataa. Tumeanzia upande mbaya, upande ambao timu hii haijawahi kuanzia. Na bado hatukufungwa. Sasa niambieni, kama si kipa, ni nini?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kipa mpya akainamisha macho, aibu imemjaa, maana alijua hakufanya kitu. Orodha ikasomwa. Majina ishirini. Kipa wa kwanza, yeye. Kipa wa pili wakamweka winga mmoja mrefu ambaye hajawahi kuvaa glovu maishani mwake. Jina langu halikusomwa.

Nikamtazama nahodha. Neno moja tu lilihitajika: kwamba shilingi alishinda yeye, upande aliuchagua yeye, na kwa sababu gani. Alikuwa anachokoa gunia la mashudu kwa kidole. Ningeweza kusema mimi. Lakini ningekuwa nimemtoa yeye kwenye timu ili nijiingize mimi, na wangesema mama mtoto ana fitina pia. Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kufunga mdomo.

Nje nahodha alinifuata mbio. "Ungesema tungetoka wote wawili," akasema. "Sasa angalau mmoja yumo, na ndiye anayechagua upande kwenye shilingi. Timu itaanza vizuri kila mechi."

"Timu itaanza vizuri, na sifa atapewa nani?"

"Wewe unataka sifa au unataka timu ishinde?"

"Nataka kudaka," nikasema. "Nimekupa upande, nimekupa na uongo wa kuusemea. Wewe nipe ukweli mmoja. Leo Jumamosi, orodha inakwenda Jumatatu. Una Jumapili nzima. Mwenyekiti nyumbani kwake unapajua."

Kocha naye alipita hapo hapo, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, lile la upepo ulikuwa sahihi, nimeliona." Nikamwambia arudi ndani akaliseme kwa sauti ile aliyotumia kuniambia nipige ndefu. Akasema mambo ya wazee yanataka taratibu, akapanda pikipiki yake.

Jumapili nilifua. Nilifua nguo za mtoto, za mume, mashuka, mpaka pazia ambalo halikuwa chafu, nikiwa uani ambako ningemwona mtu yeyote anayekwenda kwa mwenyekiti, maana njia ni hiyo moja. Watu walipita kwenda kanisani, walipita kurudi. Nahodha hakupita.

Jumatatu orodha ilikwenda. Siku hizi tukikutana bombani, nahodha ananisogelea na ndoo yake, anamshika mtoto shavu, ananiita kipa wangu. Nimemwambia aniite jina langu.