Ubeti Alioubania Rhobi

Rhobi alioa kwa ng'ombe wake mwenyewe, kisha akamwonea wivu huyo huyo aliyemwoa. Kijijini Kemambo hakuna aliyeshangaa kwamba ameoa. Mwanamke wa Kikurya aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaruhusiwa kutoa mahari na kuleta msichana nyumbani kama mkwe, azae na mwanamume wa kuchaguliwa watoto watakaobeba jina la marehemu. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu, na ipo tangu enzi za mababu. Watu walichoshangaa ni huo wivu. Wivu wa wake wenza wanaujua, lakini wake wenza hugombea mume. Rhobi na Elieth hawakuwa na mume wa kugombea. Walimgombea Agustina.

Agustina ndiye mtoto pekee ambaye Rhobi aliachiwa na mumewe Marwa. Alikuwa amevuka miaka thelathini, mnene, mcheshi, mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Maneno yake yalikuwa machache, na aliyatoa pale tu alipoona yana kazi. Alijua kupepeta mtama, kurudisha mbuzi zizini na kupiga makofi kanisani muda mrefu baada ya wengine kunyamaza. Kuna watu kijijini waliomwita zezeta. Wakimwita hivyo mbele ya Rhobi, waliondoka na matusi ya kuwatosha mpaka mavuno.

Ukweli ni kwamba jina la Marwa lilikuwa nusu tu ya sababu ya kuoa. Nusu nyingine ilikuwa swali lililomkosesha Rhobi usingizi tangu magoti yalipoanza kumuuma: nikifa, nani atampa Agustina uji? Ndugu wa mume walikuwa wengi wakati wa kugawana mashamba na wachache wakati wa kilimo. Ndiyo maana akamtafuta msichana mpole mwenye mikono ya kazi, akampata Elieth. Alipata alichokitaka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa maana Agustina alimpenda Elieth, na alimpenda bila kiasi. Msimu wa kwanza haujaisha alikwisha kuhamisha mkeka wake kutoka mgongoni kwa mama yake akautandika chumbani kwa wifi yake huyo. Pera la kwanza kuiva lilikwenda kwa Elieth. Akirudi na mbuzi, tangu mbali alianza kuita, "Eli! Eli!" Elieth alipojifungua mtoto wa kiume, Agustina alimbeba mgongoni siku nzima kama vile yeye ndiye aliyemzaa. Mtoto aliitwa Marwa, nyumba ikawa imesimama, na Rhobi alipaswa kupiga vigelegele. Badala yake alianza kutafuta makosa. Ugali ulikuwa mlaini, kuni zilikuwa mbichi, ua haukufagiliwa pembeni. Elieth aliitikia, "Sawa mama," akarudia kufagia, na upole huo ulimuudhi Rhobi kuliko ukaidi.

Kisha Agustina akaacha kula. Alikuwa akimega tonge, akilitia kinywani, anakunja uso na kulitema. Siku nyingine alijipiga makofi shavuni, na mara moja alijiuma mkono mpaka damu ikatoka. Majirani walisema amerogwa. Rhobi alisema amedekezwa, na alipolisema hilo alimtazama Elieth.

"Mama, wifi anatafuna upande mmoja tu," Elieth alisema siku moja wakiwa jikoni. "Huu mwingine haugusi kabisa."

"Mimi niliyemzaa ndiye unayenifundisha anavyotafuna?"

"Hapana mama. Nimeona tu."

"Basi usione."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nesi wa zahanati alisimama mbele kutoa tangazo. Aliitwa Honoratha, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku, mrefu, asiye na haraka. Alisema kutakuwa na siku ya kuwapima afya watu wenye ulemavu wa akili, wakubwa kwa wadogo, maana wengi wao huugua kimya kimya na watu hudhani ni tabia. "Kila mmoja aje na mtu wake," alisema, "yule anayemjua kuliko wote."

Rhobi alirudi nyumbani na maneno hayo mawili yakimwasha kichwani. Mtu wake. Alivaa kitenge cha sherehe kwenda kumpimisha mtu presha, na Elieth alipouliza kama naye aje, alimjibu njia si ya mtu mmoja.

Zahanati kulikuwa na benchi lililojaa wazazi wenye watoto wao, wengine watoto wenye mvi. Zamu yao ilipofika, Honoratha alimsalimia Agustina kwanza.

"Agustina, habari za nyumbani?"

"Nzuri," Rhobi alijibu. "Ila hali chakula."

"Shikamoo mama. Nitakuja kwako, niwie radhi. Kwanza namsikiliza mwenyewe." Akamgeukia tena Agustina, akasubiri. Alisubiri mpaka Rhobi akaona haya kwa niaba ya mwanawe.

"Mbuzi," Agustina alisema mwishoni.

"Mbuzi hawajambo?"

Agustina akacheka. Alipanda kwenye mizani akiwa amemshika Elieth mkono. Alipimwa macho akiwa amemwegemea Elieth. Nesi alipouliza kuhusu kula, Elieth ndiye aliyesema habari za kutafuna upande mmoja, kwa sauti ya chini na kwa kumwangalia mama mkwe kwanza.

"Umefanya vizuri sana kuliona hilo," Honoratha alisema.

Rhobi alikaa pale na kitenge chake cha sherehe kama mgeni aliyekuja msiba asioujua. Miaka yote ya kumlisha, kumwogesha, kumpigania, halafu msichana wa juzi ndiye anayesifiwa kwa macho!

Kisha kikaja kipimo cha presha. Kile kitambaa kilipofungwa mkononi kikaanza kujaa upepo na kubana, Agustina alipiga yowe lililotoa watu nje ya zahanati. Alirusha miguu, akapindua kiti. Elieth alimkumbatia, akambembeleza, "Wifi, wifi, mimi hapa," lakini Agustina alikuwa kama hamsikii. Na Rhobi, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliiacha furaha hiyo imkolee kidogo, ndipo akainuka.

Alijua kinachomsumbua mwanawe, na alijua peke yake. Zamani, Marwa alipokwisha kufa na shamba likawa la mtu mmoja, Rhobi alikuwa akimfunga Agustina mkono kwa kamba kwenye nguzo ya ghala. Hakumfunga kwa ukatili. Upande wa Nyamongo kulikuwa na mashimo ya wachimbaji, na mtoto huyu alipenda kufuata njia yoyote iliyokuwa mbele yake. Aliporudi shambani alikaa karibu naye na kumwimbia wimbo wa wachunga ng'ombe wa Kikurya, ambao kwa Kiswahili ungekuwa hivi: mtamba mwekundu kagoma mtoni, fimbo kaikataa, mtamba mwekundu kagoma mtoni, kamba kaikataa. Kisha ubeti wa mwisho: ifungue kamba, mwite Agustina, atavuka mwenyewe. Ubeti huo ulipoimbwa, fundo lilifunguliwa. Haikutokea hata siku moja uimbwe bila kamba kufunguliwa.

Sasa alimshika mkono, akamwimbia sikioni kwa sauti ya chini ambayo mwingine asingeshika maneno yake. Agustina alinyamaza polepole, akihema. Kitambaa kilibana, Rhobi akaimba, na ubeti wa mwisho ulipofika, kipimo kilikuwa kimekwisha na Honoratha akatoa upepo. Baada ya hapo Agustina alifungua kinywa mwenyewe, na humo, kwenye ule upande usioguswa, kulikuwa na gego lililooza mpaka kwenye fizi.

"Hili linauma mno," nesi alisema. "Atang'olewa Nyamongo, kituo cha afya, wiki ya daktari wa meno. Nitakuwepo. Kwenye kadi nimwandike nani kuwa mtu wake?"

"Mimi," Rhobi alisema haraka.

"Sawa mama. Ila mfundishe na huyu wimbo. Siku usipokuwepo itakuwaje?"

Rhobi alirudi Kemambo akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Ubaya ni kwamba Elieth hakununa. Jioni hiyo hiyo alikaa chini karibu na kigoda cha mama mkwe akaomba afundishwe. Rhobi hakuwa na sababu ya kukataa, basi akamfundisha ubeti wa kwanza, akamfundisha wa pili, akanyamaza.

"Ndiyo umeisha, mama?"

"Umeisha."

Alijua anachofanya, na akakifanya. Mkeka uliondoka, pera liliondoka, "mama" ya kuitwa mbuzi wakirudi ikageuka "Eli". Ubeti mmoja abaki nao yeye, kuna ubaya gani? Wakikwama watamwita.

Siku ya jino walikwenda Nyamongo kwa pikipiki mbili, Rhobi akimgombeza kijana dereva wake, "Mura, taratibu, hujabeba mahindi!" Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, cha kuingia mtu mmoja na mgonjwa. Honoratha alimtazama Rhobi, maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye kadi.

"Aende Elieth," Rhobi alisema. "Si ndiye wamezoeana?"

Akakaa kwenye benchi karibu na mlango, akakunja mikono, akasubiri kuitwa.

Haukupita muda yowe likaanza. Sauti ya Elieth ikafuata, nyembamba, ikiimba: mtamba mwekundu, fimbo kaikataa. Kamba kaikataa. Kimya kidogo, kilio kikazidi. Elieth akaanza upya. Fimbo kaikataa, kamba kaikataa, halafu basi. Wimbo ulifika kwenye kamba ukasimama hapo, ukarudi, ukafika kwenye kamba tena. Rhobi alikwisha kutayarisha namna atakavyoinuka, bila haraka, kama mtu anayeombwa sana. Ndipo maana ya anachokisikia ikamwingia. Alikuwa amemwacha mwanawe kwenye nguzo ya ghala. Kila Elieth alipofika mwisho, Agustina alikuwa akingoja kufunguliwa, na hakuna aliyemfungua, kwa sababu mama yake ameketi nje na fundo mkononi.

Aliinuka akasahau magoti. Alipousukuma mlango alisikia sauti nyingine, nzito, isiyofuata tuni.

"Fungua kamba," Agustina aliimba. "Ita Agustina."

Alikuwa amemshika Elieth mashavu kwa mikono miwili, akimfundisha. Elieth alirudia. Agustina akatikisa kichwa, hakuridhika, akamwanzia tena. Elieth alipoupatia, Agustina alimalizia mwenyewe, "Atavuka," kisha akaegemea kiti na kufungua kinywa. Hakumtazama mama yake aliyesimama mlangoni. Alikuwa na shughuli.

Wivu uliomchoma Rhobi pale haukuwa na mfano. Ubeti alioubania, Agustina mwenyewe kautoa bure.

Baadaye, Agustina akiwa ameuma pamba, Elieth alimfuata Rhobi kwenye benchi.

"Mama, kumbe wimbo ulikuwa na mwisho."

"Ulikuwa nao."

"Na ulijua?"

"Nilikubania," Rhobi alisema. "Ulinichukulia kila kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Elieth hakusema sawa mama. "Mimi ungeninyima tu," alisema. "Lakini yeye alilia."

Honoratha alipokuja na kadi ya kurudi, Rhobi alimwambia, "Futa hapo kwangu. Andika Elieth."

"Naweza kuwaandika wote wawili, mama."

"Andika huyo. Mimi ni mama yake, hilo halihitaji kalamu."

Maneno yalitoka vizuri, na kwenye pikipiki alijisifu kwayo kwa muda mfupi. Halafu mbele yake, kwenye ile nyingine, akamwona Agustina amemkumbatia Elieth kiunoni na kuegemeza shavu bovu mgongoni mwake, na roho ikamuuma upya njia nzima.

Jioni alipika uji wa ulezi kwa mkono wake. Aliupoza kwa kuumimina bakuli hili na lile, mpaka ukawa vuguvugu wa kumfaa mwenye kidonda kinywani. Kwa kawaida hapo angeuchukua akaupeleka mwenyewe, hata magoti yakilia. Alilishika bakuli kwa muda. Kisha akaliweka mikononi mwa Elieth.

"Mpe uji," alisema.

Akavuta kigoda mahali atakapowaona, akakaa kumtazama mwanawe akinywa.