"Ndizi na Maziwa" chapewa tuzo, dalali wa Garsen amfuata mwenzake Hewani

Saa kumi na mbili asubuhi, vumbi la soko la mifugo la Garsen limeshapanda hadi kiunoni. Dukicha Jarso amesimama katikati ya ng'ombe na watu, fimbo kwapani, mkono wa kulia umefichwa chini ya kitambaa pamoja na mkono wa mnunuzi kutoka Malindi. Vidole vinapatana bei huku midomo ikizungumzia mvua.

"Mzee Ndizi!" anaita mama mmoja anayepita na mitungi ya maziwa. "Tupe kile cha kivuli!"

Dukicha anatabasamu, anatikisa kichwa na kurudi kwa ng'ombe wake. Watu hapa humwomba kichekesho hicho karibu kila siku ya mnada. Hajakitoa kwa zaidi ya miaka kumi, na wiki hii kimemnyima usingizi.

Kwa wasiomjua, dalali huyu wa miaka hamsini na minne aliwahi kuonekana kwenye televisheni nchi nzima. Yeye na rafiki yake Hiribae, mkulima wa kijiji cha Hewani, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa "Ndizi na Maziwa", kipindi cha maigizo mafupi ya kuchekesha yaliyorekodiwa kando ya mto Tana. Dukicha ni Morma, Hiribae ni Mpokomo. Mmoja ana ng'ombe wanaotaka maji, mwingine ana shamba lililosimama kati ya ng'ombe hao na maji. Ukitaka ugomvi, mtaji huo unatosha, na ukitaka kicheko unatosha vilevile.

Mwanzoni mwa wiki hii simu ilipigwa kutoka Nairobi. Alikuwa Linda, aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi, akiwa na habari kwamba "Ndizi na Maziwa" kimechaguliwa kupewa tuzo ya heshima kati ya vipindi vya vichekesho ambavyo watazamaji hawajavisahau. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walisahau tu kuongeza kwamba kutunzwa kwenyewe kunaweza kuchelewa mpaka mchezaji aote mvi.

Waandalizi wanataka wawili hao wapande jukwaani na kuigiza kile cha kivuli. Linda alisema kwamba Hiribae akikataa, kuna mchekeshaji kijana wa Nairobi aliye tayari kuchukua nafasi yake. Alitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

"Huyo kijana nimemwambia hapana," anasema Dukicha. "Ile maneno si yangu, ni ya Hiribae. Mimi nilikuwa mdomo tu. Sasa mdomo utaenda Nairobi kuchukua zawadi, mwenye maneno akae shambani?"

Ili kuelewa maneno hayo, ni lazima turudi nyuma, na kurudi nyuma Garsen ni jambo tamu. Enzi hizo, kila Jumapili jioni hoteli moja karibu na stendi iliwasha jenereta na kutoa televisheni nje. Ukinunua chai, una kiti. Wafugaji walikaa benchi moja na wakulima, na watoto wakajipanga chini. Mkulima alipochekwa, wakulima ndio waliocheka zaidi, na mfugaji alipochekwa ikawa vivyo hivyo. Aliyekosa kipindi alisimuliwa Jumatatu nzima, kila msimuliaji akiongeza chumvi yake.

Mwanzo haukuwa hivyo. Dukicha anakumbuka kwamba mara ya kwanza kila mtu aliigiza watu wake mwenyewe. Alipoigiza mfugaji, mfugaji huyo alikuwa mpole, mkarimu, asiye na kosa. Hiribae naye akaleta mkulima ambaye angeweza kuwa mtume. Hakuna aliyecheka hata kidogo.

Wakabadilishana: Mpokomo akavaa shuka la mfugaji, Morma akashika jembe. Ila Dukicha alijitungia mwenyewe vichekesho vya kuwacheka Wapokomo. Everline, mke wa Hiribae, ambaye siku hiyo ndiye aliyewapikia wapiga picha, alisikiliza viwili vya kwanza, akainuka na kuondoka na sufuria ya wali. Walirekodi kwa njaa hadi jioni.

Kutoka siku hiyo ikawa sheria: kosa la Waorma hutungwa na Morma na kuigizwa na Mpokomo. Kosa la Wapokomo hutungwa na Mpokomo na kuigizwa na Morma. Kila mmoja alimkabidhi mwenzake aibu ya kwao, akamwamini nayo. Mwandishi huyu amehudhuria mikutano mingi ya amani yenye chupa za maji mezani, na hajaona njia nzuri kuliko hiyo.

Kile cha kivuli kilitungwa na Hiribae. Mfugaji anamsihi mkulima ampishe ng'ombe wake afike mtoni. Mkulima anazunguka migomba yake, anakuna kichwa, mwishowe anakubali. Ng'ombe apite, anasema, ila kivuli chake kibaki nje kwa sababu kitakanyaga miche. Mfugaji anajibu kwamba kivuli hicho kina mimba na hakiwezi kuachwa juani peke yake.

Kisha ukaja mwaka ambao watu hapa huuita mwaka wa vurugu, na hawapendi kuuzungumzia kwa urefu. Asubuhi moja vijana wa kifugaji waliingiza ng'ombe katika shamba la Hiribae. Migomba ilipokuwa ikilala chini, walikuwa wakipaza sauti: ng'ombe apite, kivuli kibaki. Waliiga hata sauti ya puani aliyoitumia Dukicha akiigiza mkulima huyo.

Kipindi kilikufa siku hiyo. Dukicha hakuwafahamu vijana wale, na Hiribae hakuwahi kumlaumu kwa neno lolote. Lakini njia zilipofunguliwa tena, kila mmoja alikuwa ameshazoea ukimya wake. Tangu hapo wakikutana sokoni husalimiana, huulizana hali ya watoto na mvua, kisha kila mtu akashika njia yake.

Maisha nayo hayakumngoja Dukicha. Ukame ulichukua sehemu kubwa ya ng'ombe wake. Tulipomuuliza amebakiwa na wangapi alitazama pembeni, kwani Morma hahesabu ng'ombe wake mbele ya watu, nasi tulipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Sasa anaishi kwa udalali, shilingi mia tano mpaka elfu moja kwa kila ng'ombe anayemuuza, pamoja na maziwa ambayo mkewe Abdia huyauza stendi. Kuna siku za mnada anazorudi nyumbani na kitu mfukoni, na kuna siku anarudi na vumbi.

Abdia ndiye aliyemsukuma aende kwa Hiribae. Alimwambia kwamba mtu haombwi ruhusa kwa simu kama unga unavyoagizwa. Alimjazia mtungi wa maziwa, akampa shati la Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi.

Tulifika Hewani adhuhuri. Kima walikuwa wakirukaruka katika msitu wa kando ya mto, na Hiribae alikuwa akipalilia. Ni mwembamba kuliko alivyokuwa kwenye televisheni, na nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Everline alipokea maziwa, akatazama shati la Dukicha kutoka kola hadi kifungo cha mwisho, kisha akaenda kuteka maji ya chai.

Dukicha alieleza yote: tuzo, jukwaa, yule kijana wa Nairobi. Alizungumza haraka, macho chini, tofauti kabisa na dalali tuliyemwona sokoni. Hiribae alisikiliza huku akikwangua udongo kwenye jembe.

"Huyo kijana wenu," aliuliza hatimaye, "amewahi kumswaga ng'ombe?"

"Labda kwa sahani."

Hiribae hakucheka. Alisema kile cha kivuli hakitaki tena, si Nairobi wala popote. Alikitunga wakiwa wanakula sinia moja, na akasikia kikirudishwa kwake na watu waliokuwa wakila shamba lake.

"Wale hawakunicheka, Dukicha. Mtu akikucheka anabaki, mnakaa, mnakunywa chai. Wale walisema, wakapita."

Dukicha alisema kwamba basi, kesho atampigia Linda amwambie tuzo akae nayo, na wala asimtafute mtu mwingine. Akasimama na kujipangusa vumbi. Ilionekana wazi kwamba safari imeishia hapo.

"Mbona wasimama?" Hiribae alimwambia. "Nimesema hicho sikitaki. Sijasema siendi. Nipe kosa lenu jingine, nami nikupe letu."

Dukicha alikaa polepole. Alifikiri, akaanza kwa sauti ya chini: siku hizi kwao mke akiugua mtu hutuma meseji, bali ng'ombe akiugua husafiri mwenyewe usiku kucha. Hiribae akajibu kwamba kwao mafuriko yakija, mtu hukimbilia kwanza alama ya mpaka wa shamba, ndipo akumbuke kwamba ana watoto. Dukicha alipojaribu kulirudia hilo la mwisho kwa ile sauti yake ya puani, Hiribae alishika tumbo. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea jembe, na alipomaliza, macho yalikuwa yamemlowa na hakuyafuta.

"Miaka yote hii wako walionitukana," alisema. "Wako walionisifu, hata kanisani. Wa kunicheka vizuri sikupata. Nilikuwa nakungoja wewe, na wewe ukawa wanisalimia tu sokoni."

Dukicha alimshika mkono na kuubakiza mkononi mwake. Safari hii hapakuwa na kitambaa wala bei.

Wamekubaliana kwenda Nairobi pamoja na wake zao, na kupanda jukwaani na igizo jipya. Linda bado hajui kwamba kile cha kivuli hakiendi. Dukicha amepanga kumwambia wakiwa wameshafika.

Njiani kurudi Garsen, mtungi mtupu magotini, tulimuuliza atafanya nini na tuzo hiyo. Alisema hajafikiria, labda wataiweka kwa Everline kwa sababu nyumba yake haivuji. Kilichokuwa moyoni mwake kilikuwa kingine.

"Hata Nairobi wakisahau kutuita," alisema, "Alhamisi ijayo mimi narudi Hewani. Yule mzee ana makosa mengi bado hajanipa."